Nunila wa Nyayo za Kuku

Wifi yangu Nunila alifika Valdoñas, kijiji chetu cha milimani huku Hispania, akiwa bibi harusi wa kaka yangu Fausto, na siku ya kwanza tu akamkosoa mama yangu jinsi ya kuloweka maharage. Nikajua huyu tutaishi naye kwa taabu. Na kweli tumeishi naye kwa taabu. Sasa kaka amekufa, mama amekufa, tumebaki sisi wawili kulaumiana kwa maharage yale yale, na siku asipokuja mezani kwangu chakula hakipiti kooni. Nasema haya mapema ili mtu asidhani namsifia mtu baki.

Nasimulia habari zake kwa sababu wageni wanaokuja siku hizi kuutazama mwamba wetu huuliza habari za dinosaria tu. Wakishausoma ubao wa maelezo wanapiga picha, wananunua kofia, wanaondoka. Hawajui kwamba kabla ya ubao mwamba ule ulikuwa na mtu wake.

Uko juu ya kijiji, nyuma ya viwanja tulivyokuwa tukipuria ngano. Ni bamba kubwa la jiwe la kijivu lililoinama kuelekea kusini, kwa hiyo linaota jua tangu asubuhi. Juu yake kuna nyayo za vidole vitatu, kila unyayo mrefu kama kiganja cha mwanamume, zinapanda moja baada ya nyingine, mguu huu na mguu ule. Zamani zilipanda mpaka zikaingia chini ya udongo wa shamba, na hapo zikaishia.

Sisi tulijua ni za nani. Zilikuwa za kuku wa mtakatifu, yule aliyekwisha kuchomwa na kuwekwa kwenye sahani ya hakimu, akanyanyuka na kulia ili kumtetea kijana aliyenyongwa bila kosa. Watu wa kule bondeni kwenye kanisa kubwa wanajivunia kwamba alilia kwao. Sisi tulijivunia kwamba baada ya kulia alikimbia, na alikimbilia kwetu. Kwamba kuku huyo alikuwa na kimo cha kondoo hakuna aliyeona ajabu. Kuku aliyefufuka ana haki ya kuongezeka mwili.

Kazi ya Nunila ilitoka kwa kuku huyo. Ikiwa kuku aliyechomwa ameweza kutembea, mtoto mwenye miguu yake mizima ana udhuru gani? Kwa hiyo mtoto aliyechelewa kutembea alipelekwa mwambani baada ya Pasaka, jiwe likishapata joto, akavuliwa viatu na soksi. Mama yake hakuruhusiwa kumshika. Mwanamke mwingine alimshika kwapani akampandisha, mguu wa kulia kwenye unyayo huu, wa kushoto kwenye unaofuata, hadi juu. Mama alisimama pale nyayo zinapoishia, ameshika yai la kuchemsha. Wakifika kwenye unyayo wa mwisho, yule mwanamke humwachia mtoto. Hilo ndilo lilikuwa sharti. Akipiga hatua, yai ni lake. Akianguka, anarudishwa nyumbani bila yai, na wataona wiki nyingine.

Aliyekuwa akipandisha watoto kabla ya Nunila alikuwa bibi mmoja mwenye tanuri la mikate, mwenye haraka ya kurudi kwenye mikate yake. Nunila alimtazama mara moja tu, akashindwa kunyamaza.

"Bibi, huyo ni mtoto, si gunia."

"Basi njoo ushike wewe, mkwe wa watu, tuone."

Nunila akashika. Alimpandisha yule mtoto taratibu, akimsemesha sikioni, akingoja mguu utulie kwenye kila unyayo kabla ya kuinua mwingine, na mtoto akatembea akachukua yai. Tangu siku hiyo ikasemwa kwamba Nunila ana mkono. Wakaja watu wa vijiji vya jirani, juu ya punda, baadaye kwa malori ya kiwanda cha viatu cha mji wa Arnedo. Kila mtu akamwita Shangazi Nunila, hata waliomzidi umri. Mimi nilivimba kidogo kwa wivu, kisha ikanipita.

Halafu akazaliwa Cele.

Celedonio, mwana wa kaka yangu, alitembea kabla hajatimiza mwaka. Hakuhitaji mwamba wala kuku. Nunila alijisifu mpaka akatukera. Majira ya baridi yaliyofuata ikaingia homa katika nyumba za bonde letu, watoto kadhaa wakalazwa, na Cele alipoamka kutoka kwenye homa miguu haikuamka naye. Daktari wa Arnedo aliigonga na kuibana, akasema ni polio, na kwamba mguu mmoja huenda ukapata nguvu kidogo, wa pili asahau.

Nunila hakusahau. Pasaka ilipopita alimbeba mgongoni hadi mwambani. Sheria inasema mama asishike, lakini nani mwingine alikuwa na mkono? Akashika mwenyewe. Mimi ndiye niliyesimama juu na yai. Nilimwona mtoto akipanda akining'inia mikononi mwa mama yake, anacheka, vidole vya miguu vinagusa kila unyayo. Kwenye unyayo wa mwisho Nunila alimwachia, kama sharti lilivyotaka, na Cele akaanguka chini kama nguo iliyodondoka kambani. Tulirudi wiki iliyofuata. Tulirudi mwaka uliofuata, na ule mwingine, mpaka mtoto akawa mzito na mwenye akili za kutosha kutulia kimya akianguka. Kila mara nilirudi nyumbani na yai mfukoni. Sikuweza kulila. Nilimpa mbwa.

Baada ya hapo Nunila hakuzitaja tena siku zile, na hakuna aliyethubutu kuzitaja mbele yake. Lakini watoto wa wengine aliendelea kuwapandisha. Nilimwuliza siku moja, tukikamua kondoo, anapata wapi moyo.

"Wao wanachelewa tu, wifi," akasema. "Wangetembea hata bila mimi."

"Sasa kwa nini unapoteza muda wako?"

"Wewe hujawahi kukaa ndani unamtazama mtoto asiyesimama. Mama anataka kupelekwa mahali. Kamua, maziwa yanapoa."

Cele akakua na magongo yake. Binamu yetu wa kiwandani alimshonea kiatu chenye soli nene, Cele akajifunza kwake kushona, akawa anatengeneza viatu vya watu jikoni kwa mama yake. Valdoñas yote ni mteremko na kondoo, hakuna kazi ya mtu wa magongo. Siku zilipita hajasema neno na mtu asiye wa nyumba yetu. Ndevu aliziacha ziote zitakavyo.

Wataalamu walikuja baadaye sana, watoto wenyewe wakiwa wamekwisha kuwa wachache kijijini. Mkuu wao alikuwa daktari mmoja mwanamke kutoka chuo kikuu cha Zaragoza, mwenye kofia ya majani na heshima nyingi. Alifagia mwamba kwa brashi kama anapiga mswaki, akapima, akachora, kisha akatuita sote atueleze. Alisema si kuku. Ni dinosaria mdogo mla nyama, aliyetembea kwa miguu miwili kwenye tope la ziwa, na tope likageuka jiwe.

"Mdogo kiasi gani?" akauliza Nunila.

Daktari akajigusa paja. "Kiuno chake kilifika hapa, mama. Alikuwa mwembamba, mwenye mbio, na meno makali."

"Na kuku?"

"Kuku ni ndugu yake wa mbali. Ndege wote ni wa ukoo huo."

Nunila akanigeukia. "Umesikia, wifi? Ukoo mmoja. Hatukukosea sana."

Aliyapokea hivyo, bila kinyongo. Kilichomgusa kilikuwa kingine. Wataalamu waliondoa udongo wa lile shamba la juu, na chini yake mwamba ukaendelea, mweupe zaidi kwa sababu haukuwahi kuona jua, na nyayo nazo zikaendelea. Zilipanda mpaka kwenye ukingo ambapo jiwe limevunjika juu ya korongo. Kila mtu alifurahi. Nunila alisimama kwenye unyayo wa mwisho wa zamani, ambao sasa haukuwa wa mwisho, akatazama zile nyingine zilizo mbele yake. Kisha akaenda nyumbani bila kumuaga mtu. Nilidhani ni jua limemchoma.

Halmashauri ikajenga paa, ikaweka kamba kuzunguka nyayo, ubao na kibanda cha tiketi. Meya wetu Honorato ni mtu mwema, ila ukimpa ufunguo anajiona yeye ndiye mlango. Alikuja kwa Nunila amevaa koti, mwezi wa saba.

"Shangazi, hakuna anayeujua mwamba ule kama wewe. Uwe mlinzi. Utapewa filimbi na sare. Na Cele akae kibandani auze tiketi."

"Cele?"

"Cele. Anajua hesabu, na atakaa kitini. Lakini sikiliza vizuri. Mambo ya kuku yamekwisha. Hakuna kukanyaga nyayo, si mtu mzima, si mtoto. Nikisikia umempandisha mtoto hata mmoja, mnatoka wote, wewe na mwanao. Wataalamu wakinifungia mahali hapa sina cha kuwaambia watu."

"Nimesikia, Honorato. Wewe mwenyewe nilikupandisha, ukaangukia matako."

"Ndiyo sababu sitaki."

Nunila alilishika katazo hilo. Niseme ukweli, wifi yangu alikuwa mlinzi mkali kupita kiasi. Alimpulizia filimbi padri kwa sababu ya kunyoosha mguu juu ya kamba. Na alikuwa na sababu, nayo ilikuwa imekaa kibandani. Cele alianza kunyoa ndevu kila asubuhi. Alijifunza kuwasalimu Wafaransa kwa lugha yao, halafu kuwaeleza nyayo, halafu kuwatania. Wageni walirudi mwaka wa pili wakamuulizia kwa jina. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na ushee, na kwa mara ya kwanza watu walimjia bila kubeba kiatu kibovu. Nunila alikuwa anamtazama kutoka kwenye kamba, akijifanya anatazama mwamba.

Ilikuwa Agosti, saa ya chakula, joto la kukausha mate. Nilikuwa nimewapelekea kimanda cha viazi, maana Nunila akiwa kazini anasahau kwamba mwanawe anakula. Chini ya paa walibaki wageni wachache wenye kamera. Msichana mmoja akapanda njia anasukuma kigari cha mtoto juu ya mawe, jasho linamtiririka. Alipofika alimtafuta Nunila kwa macho.

"Shangazi Nunila? Mimi Leire. Mjukuu wa Emeteria, wa nyumba iliyo karibu na kanisa."

"Emeteria aliyekuwa anaimba puani?"

"Huyo huyo. Sisi tuko Bilbao."

"Nilikupandisha wewe?"

"Mama anasema ndiyo. Anasema nilikula yai pamoja na ganda."

"Nakukumbuka, mlafi wewe. Na huyu?"

"Unai. Amepita miaka miwili. Hatembei."

Nunila aliinama kwenye kigari, akamfinya mtoto shavu, kisha akashika mguu wake nyuma, pale penye nyama. Akashika wa pili. Nilimwona mkono unasimama. Mkono ule ulikuwa umemkanda Cele kwa mafuta miaka yote ya utoto wake.

"Madaktari wanasemaje?"

"Wanasema hatatembea."

"Binti yangu," Nunila akasema, "hawa hawakuwa kuku. Ni mnyama tu, alipita akaenda zake."

"Najua. Nimesoma vitabu vyote."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Sijui, Shangazi. Nimeendesha gari tangu alfajiri. Nilishindwa kukaa ndani."

Nunila aliishika filimbi yake. Nilidhani ataipuliza. Aliishika tu, akaizungusha.

"Siwezi," akasema. "Nikimpandisha, mwanangu anatoka pale kibandani. Unamwona? Hana pengine pa kukaa. Ingekuwa ni mimi peke yangu wa kufukuzwa, ningekupandisha hata wewe. Nisamehe."

"Hapana, nisamehe mimi," Leire akasema, na akaanza kugeuza kigari. Gurudumu likakwama kwenye jiwe. Akalivuta kwa hasira, likagoma, akalia pale pale, ameshika mkono wa kigari, mtoto akimtazama kwa mshangao.

"Mama."

Ilikuwa sauti ya Cele, kutoka dirishani.

"Kula kimanda chako," Nunila akamjibu bila kugeuka.

"Mpandishe."

"Cele, usianze."

"Mpandishe mtoto wa watu. Mimi si ulinipandisha?"

Niliweka sufuria chini. Wifi yangu alikuwa amebadilika rangi.

"Ulikuwa mdogo," akasema polepole. "Huwezi kukumbuka."

"Nakumbuka yote. Jiwe lilikuwa la moto. Ulikuwa unaniambia sikioni, huu hapa, na huu hapa, na mwenzake huyu hapa. Wenzangu walikuwa wanapanda huku kila siku kuchunga, mimi nilikuwa nabebwa. Siku zile tu ndizo nilizopanda kwa miguu yangu. Nilikuwa naziota usiku, Mama. Mpaka leo."

"Ulikuwa unaanguka."

"Nilianguka kwa sababu uliniachia. Hapo ndipo sikupapenda." Akayavuta magongo yake. "Mpandishe huyo. Ila usimwachie."

Akateremsha kifuniko cha dirisha, tukasikia komeo. Alitoka na magongo yake, akapita katikati yetu, akafika kwenye kamba akaifungua kwenye ndoano, akaitupa kando. Wale wageni wenye kamera walisogea kupata nafasi nzuri. Mimi sioni haya kusema kwamba nilitamani Nunila akatae. Nilikuwa namfikiria Cele na ndevu zake.

Nunila alivua viatu. Akavua filimbi, akanivika mimi shingoni.

"Ukiona nakosea, puliza."

"Wifi, fikiri kwanza."

"Nimefikiri miaka yote hiyo. Leire, nenda ukasimame juu. Siyo hapo, mbele zaidi. Kule mwisho kabisa, kwenye ukingo. Una yai?"

Leire hakuwa na yai. Nikampa kipande cha kimanda. Yai ni yai.

Akampandisha. Alikuwa amezeeka, mgongo umekwisha kupinda, lakini mkono ulikuwa ule ule. Huu hapa, na huu hapa, na mwenzake huyu hapa. Unai alitazama vidole vyake vikiingia kwenye vidole vya yule mnyama, akaona ni mchezo, akapiga kelele za furaha. Walifika pale jiwe la kijivu linapokutana na jiwe jeupe. Nunila akasimama. Alisimama kwa muda mrefu kiasi kwamba Leire huko juu aliita, "Shangazi?" Cele alikuwa ameegemea magongo. Kisha Nunila akauinua mguu wa mtoto, akauweka kwenye unyayo uliofuata, kule kweupe, ambako hakuna mtoto wa mtu aliyewahi kukanyaga. Akaendelea mpaka ukingoni, na pale hakumwachia. Alimtoa mikononi mwake akamtia mikononi mwa mama yake, na mtoto akapewa kimanda.

Picha zilimfikia Honorato kabla ya chakula cha jioni. Asubuhi alikuja na koti lake, kwenye joto lile.

"Shangazi, nilikuambia."

"Uliniambia."

"Kamba niliifungua mimi," Cele akasema.

"Na mtoto nilimpandisha mimi," Nunila akasema.

Honorato akanigeukia. "Na wewe, Casilda, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na filimbi," nikamjibu.

Alijifuta jasho. Ninamjua tangu tumboni mwa mama yake, niliona hakulala. Alisema wataalamu wamempigia simu na wamekasirika, na wana haki, jiwe likilika halirudi. Alisema hawezi kuwaacha wote wawili kama vile hakuna kilichotokea. Mmoja lazima aondoke, na wachague wenyewe nani.

"Mimi," akasema Cele. "Nilifunga dirisha, nikafungua kamba."

"Nyamaza wewe," Nunila akasema. "Honorato, chukua filimbi yako. Hata hivyo inanitia ganzi kwenye meno."

Wakabishana, mtu na mama yake, mbele ya meya, kila mmoja akitaka kufukuzwa. Nunila akashinda, maana hakuna aliyewahi kumshinda kwa neno, nami najua. Sare aliirudisha imefuliwa na kupigwa pasi. Mlinzi wa sasa ni mpwa wa Honorato, hupuliza filimbi akilala. Cele yuko kibandani.

Unai hakutembea. Leire hupiga simu kila Krismasi. Mtoto ana kiti chenye magurudumu mekundu, anawagonga watu nacho ufukweni, na ana mdomo mchafu kama Emeteria, bibi wa mama yake. Nunila huongea naye kwa simu muda mrefu, sijui wanaambiana nini, huwa anacheka mpaka anakohoa.

Limebaki moja. Januari iliyofuata Agosti ile, theluji ilikuwa imeyeyuka upande wa jua, kibanda kimefungwa, kijiji hakina mgeni wala mpwa. Tulikuwa mezani kwangu. Cele akasukuma sahani.

"Mama, ile sehemu ya juu mimi sijafika."

Nunila akanitazama. Nikamtazama. Sisi wawili kwa pamoja tulikuwa na miaka zaidi ya mia na thelathini, na Cele ni mzito, mtu anayekaa kutwa kibandani akila kimanda changu.

"Vaa koti," nikasema.

Tulimvua kiatu chake cha soli nene pale chini, na cha pili, akalalamika baridi. Tukaweka magongo kando. Nilishika kwapa hili, Nunila akashika lile, tukaanza. Alikuwa anaiburuta miguu na sisi tunamsaidia kuiweka, mmoja anavuta suruali, mwingine anasukuma kwa goti. Nunila alikuwa anahema, lakini alisema, huu hapa, na huu hapa, na mwenzake huyu hapa. Kwenye mpaka wa jiwe la kijivu tukasimama tupumue.

"Ni hapa," Cele akasema.

"Ni hapa," akajibu mama yake.

Tukapita. Tulimpandisha hadi ukingoni, akasimama katikati yetu juu ya korongo, miguu mitupu, pua nyekundu kwa baridi. Hakuna aliyemwachia mwenzake, na hata tungetaka tusingeweza, angelegea mmoja tungeporomoka wote watatu.

Nikatia mkono kwenye mfuko wa aproni nikatoa yai. Nilikuwa nimelichemsha wakati wao wanatafuta koti. Nilimpa. Alilitazama, akamtazama mama yake, akalimenya na kulila akiwa amesimama. Kisha akanipa maganda niyashike, kwa sababu kutupa taka juu ya mwamba ni marufuku.